Vitafunio vya sikukuu kwa pafu pestri ya dukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Idi au Krismasi ikikaribia, maswali ni yale yale: kwa nini pafu yangu haikuumuka, naweza kuikaanga, naiwekaje na stima hizi. Majibu yako hapa, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Yameandikwa kwa anayepika Mombasa, maana maelezo ya nyuma ya pakiti huandikwa na mtu ambaye jikoni mwake kuna baridi.

## Kuijua na kuinunua

Pafu pestri ni nini hasa?

Ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji na chumvi, ukafungiwa siagi ndani, kisha ukasukumwa na kukunjwa, ukasukumwa na kukunjwa tena. Anayejua kusukuma chapati za tabaka, zile za kupaka samli na kuzungusha, ameshaielewa nusu. Mtindo wa kale wa Kifaransa huukunja unga uwe tabaka tatu, na kazi hiyo hurudiwa mara sita. Kila safari tabaka za siagi huzidishwa kwa tatu: 3, 9, 27, 81, 243, hadi 729. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeifanya kazi hiyo mwezi wa Januari Mombasa, ndiyo maana tunanunua.

Kinachoiinua si hamira wala beking pauda. Maji yaliyomo kwenye unga na siagi hugeuka mvuke oveni ikiwa na moto mkali. Mvuke husukuma tabaka juu, na mafuta yaliyo katikati huzuia tabaka zisishikane. Mafuta yakiyeyuka kabla pafu haijaingia ndani, yananyonywa na unga, tabaka zinakuwa kitu kimoja, na unatoa biskuti nzito yenye mafuta. Karibu kila tatizo kwenye ukurasa huu linatoka hapo.

Ni sawa na manda za sambusa?

Hapana. Manda ni nyembamba, zimeshapitishwa motoni, hazina mafuta ndani na zimetengenezwa kwa kukaangwa. Pafu ni nene zaidi na imejaa mafuta. Usichanganye pia na filo, ambayo ni nyembamba kama karatasi na wewe mwenyewe ndiye unayepaka siagi kati ya shiti moja na nyingine. Zote tatu hulala kwenye friza moja dukani, kwa hivyo soma pakiti kabla hujafika kwenye kaunta ya kulipia.

Hapa Mombasa inapatikana wapi?

Angalia kwenye friza za supamaketi kubwa, Nyali, Bamburi au mjini, karibu na njegere na chipsi za barafu. Kibanda cha mtaani hutaipata. Wiki ya mwisho ya Ramadhani na siku za kuelekea Krismasi huisha mapema, basi nunua wiki mbili kabla uiweke kwenye friza yako.

Kuna ya bonge na kuna ya shiti iliyokwisha kusukumwa. Chukua ya shiti. Bonge ni rahisi kidogo kwa bei, lakini kila dakika unayoisukuma ndiyo dakika inayopata joto.

Ya siagi au ya majarini?

Ya siagi ina ladha bora, hilo halina ubishi. Lakini siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na joto la kaskazi linatufikisha hapo hapo bila oveni. Majarini ya pestri hutengenezwa ili ibaki ngumu kwenye joto zaidi ya hilo, kwa hivyo inakusamehe ukichelewa.

Mimi hutumia ya siagi kwa vitu ambavyo pafu yenyewe ndiyo chakula, kama misokoto ya jibini. Kwa kima yenye thomu, tangawizi na pilipili, tumia ya majarini. Hakuna mgeni atakayejua.

Nitajuaje kama ni halali?

Unga, maji na chumvi havina shida. Tazama mafuta. Pakiti ikisema mafuta ya mboga au mawese, chanzo chake ni mimea. Ikisema mafuta ya wanyama bila kutaja mnyama gani, irudishe. E471, kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji, inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama, na namba peke yake haikuambii. Njia ya mkato ni kutafuta muhuri wa halali: wa Kenya Bureau of Halal Certification kwa bidhaa za hapa, au wa shirika la nchi ilikotoka kwa zile za kuagizwa.

Fanya ukaguzi huo huo kwa soseji na jibini. Watu huikagua pafu kwa miwani, kisha wakaijaza soseji ambazo hawakuzitazama.

Nimefika nyumbani nikakuta imelainika. Niirudishe kwenye friza?

Ikiwa bado ina chembe za barafu, irudishe bila wasiwasi. Ikiwa imelainika lakini bado baridi, iweke kwenye friji uitumie ndani ya siku moja au mbili. Ikiwa imekuwa laini na mafuta yanachuruzika kwenye plastiki, usiigandishe tena. Iache kwenye friji usiku kucha, kisha itumie kwa kitu bapa kisichohitaji kuumuka sana, kama miraba ya nyanya iliyoelezwa mbele.

Wa Likoni na Mtongwe wanajua foleni ya feri inavyokuwa jioni za sikukuu. Beba kijisanduku cha barafu, na pafu iwe kitu cha mwisho kutia kwenye kapu.

## Kupambana na joto

Niiyeyusheje?

Ndani ya friji. Shiti huchukua saa 3 au 4, bonge liache usiku kucha. Pakiti nyingi zinakuambia uiache mezani dakika 40, na hizo ni dakika za jikoni lenye nyuzi 20. Hapa kwetu, ukiwa na haraka, dakika 10 hadi 15 zatosha kwa shiti, na usiende mbali. Maikrowevu na juani ni mwiko.

Iko tayari inapokunjuka bila kupasuka, lakini ukiigusa bado unasikia baridi.

Inanata kwenye meza na kuvutika kama ulimbo. Nifanyeje?

Simama. Usiongeze unga mkono kwa mkono. Unga mwingi huifanya iwe kavu na chungu kidogo baada ya kuiva. Iteleze juu ya karatasi ya kuokea, iweke kwenye friza dakika 10, kisha endelea.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Tia trei tupu kwenye friza nusu saa kabla ya kuanza. Fanya kazi alfajiri au usiku. Fungua nusu ya pafu, nusu ya pili ibaki kwenye friji mpaka uifikie. Kata kwa kisu kikali na uguse kidogo, maana viganja vyako vina joto kuliko meza. Feni iwashe upepee wewe, lakini isielekezwe kwenye pafu, itakauka juu na kupasuka unapoikunja. Wenye meza ya marumaru wameula. Sisi wengine kibao cha chapati kilicholala kwenye friji kinafaa.

Je, ni lazima kuvipumzisha kwenye baridi baada ya kuvitengeneza?

Ndiyo, dakika 15 hadi 20. Hii ndiyo hatua ambayo watu huruka, na ndiyo inayotofautisha pafu iliyochanua na iliyolala. Mafuta yanapata ugumu tena, na unga ulionyooshwa unapumzika ili usijikunyate ndani ya oveni. Kama friji imejaa nyama ya sikukuu, tumia friza kwa dakika 10.

Stima ikipotea, pafu iliyo kwenye friza itakaa muda gani?

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 hivi. Neno kubwa ni kutofunguliwa: watoto wakifungua kila mara kutafuta barafu, hesabu hiyo haipo tena. Stima ikirudi, amua kwa kutazama hali ya pafu kama ilivyoelezwa kwenye swali la pafu iliyolainika njiani. Vilivyokwisha kujazwa nyama au kamba vikiwa vimeyeyuka na kupata joto, tupa.

## Kuoka

Moto kiasi gani, na kwa muda gani?

Nyuzi 200 hadi 220. Oveni ya gesi yenye namba, weka 6 au 7. Oveni yenye feni ndani, punguza nyuzi 20. Iwashe dakika 15 hadi 20 kabla. Oveni vuguvugu huyeyusha mafuta kabla mvuke haujapata nguvu. Vipande vidogo huchukua dakika 15 hadi 20. Usifungue mlango dakika 10 za mwanzo.

Watu wengi hutoa mapema. Rangi ya manjano bado. Ngoja iwe ya kahawia ya dhahabu. Inua kimoja utazame chini: kama tumbo lake ni jeupe na linabonyea, rudisha.

Jiko langu la gesi linaunguza chini na juu kunabaki kweupe.

Hizo ni oveni za moto wa chini tu, na ndizo nyingi majumbani. Weka trei kwenye ngazi ya juu, na ngazi ya chini kabisa weka trei nyingine tupu ikinge moto. Zungusha trei baada ya dakika 12. Mwishoni, kama oveni ina grili, washa ya juu kwa dakika moja, na usiondoke hapo. Kutoka dhahabu hadi mkaa ni sekunde chache.

Sina oveni. Naweza kutumia makaa juu na chini kama mkate wa sinia?

Inawezekana, kwa masharti. Sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, kibati juu ya mchanga, halafu sinia dogo. Pasha sufuria tupu na kifuniko chake chenye makaa kwa dakika 20 kabla ya kutia chochote. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Oka vipande sita au nane kwa mara, vidogo na bapa. Misokoto hutoka vizuri. Pembetatu zilizojaa kima huwa na chini laini. Kwa wageni 40 usijaribu, utakesha. Pika sambusa, hakuna atakayelalamika.

Kwenye kikaangio cha hewa moto je?

Kinafaa sana kwa kiasi kidogo. Nyuzi 180, dakika 8 hadi 12, ukivigeuza mara moja. Usivibananishe. Vipande vyepesi hupeperushwa na upepo wa ndani, basi vibonyeze kingo vizuri au vitie kijiti cha meno.

Naweza kuikaanga kwenye mafuta?

Unaweza, lakini kwa nini? Pafu tayari ina mafuta mengi ndani. Ukiikaanga inayaongeza, tabaka zinafunguka, na kilichomo ndani kinamwagika kwenye karai. Kwa kukaanga kuna manda, na manda inafanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa bei ya chini.

Kwa nini vimeinuka upande mmoja, au havikuinuka kabisa?

Kuinuka upande mmoja kwa kawaida ni yai. Yai la kupaka likidondoka kwenye kingo zilizokatwa, linaganda na kuzifunga tabaka pale pale. Paka juu tu, kwa brashi isiyolowa sana. Sababu ya pili ni kisu butu, ambacho hubana kingo badala ya kuzikata. Sababu ya tatu ni kuburura kisu. Kibonyeze kwenda chini moja kwa moja.

Kutoinuka kabisa ni joto: ama pafu ilipata joto mezani, ama oveni haikuwa na moto wa kutosha.

Chini kumebaki kubichi na juu kumeiva.

Ulichojaza kilikuwa na maji, au kilikuwa cha moto. Tazama swali linalofuata.

## Vya kujaza ndani

Kitu gani kinafaa kujazwa na kipi hakifai?

Kiwe kimeiva, kiwe kikavu, na kiwe baridi kabisa. Kima iliyotoka jikoni sasa hivi inayeyusha pafu ukiwa bado unaikunja. Chumvi na viungo vizidi kidogo kuliko unavyoona ni sawa, maana pafu haina ladha kali na inavifubaza.

Mchuzi wa aina yoyote haufai. Wala tui jepesi, nyanya mbichi zisizokamuliwa, au mchicha uliochemshwa ukaachwa na maji yake. Mchicha ukamue kwa mkono mpaka uone umebaki kidonge.

Usijaze mno. Mraba wa sentimita 6 hauhitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai kilichojaa.

Kima ipikweje?

Nusu kilo ya kima, vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo sana, kijiko cha chakula cha thomu na tangawizi, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha pilipili manga, pilipili mbichi kwa nia yako, chumvi. Usitie mafuta. Pika huku ukiivunjavunja mpaka maji yote yakauke na usikie inakwaruza sufuria. Hapo endelea dakika mbili zaidi. Epua, tia ndimu na dania nyingi, tandaza kwenye sinia ipoe.

Kiasi hicho kinatosha shiti mbili. Kata kila shiti ya sentimita 35 kwa 23 vipande sita kwa vinne, upate miraba 24 ya karibu sentimita 6. Jaza, kunja pembetatu, bana kwa uma, toboa tundu dogo juu mvuke utoke, paka yai.

Kima mbichi ndani ya pafu ndefu iliyoviringwa, kwa mtindo wa soseji za Waingereza, nayo huokwa. Ila inatoa maji na mafuta mengi na inataka dakika 25 au zaidi ili nyama iive katikati. Kwa mara ya kwanza, pika kima kwanza.

Nipe vya haraka, wageni wako njiani.

Misokoto ya jibini. Paruza gramu 100 za Cheddar, nyunyiza kwenye nusu ya shiti pamoja na bizari nyembamba nzima na pilipili ya unga kidogo. Kunja nusu ya pili juu yake, bonyeza kwa kijiti cha chapati, kata vipande virefu vya upana wa sentimita moja na nusu, sokota, oka dakika 12 hadi 15. Hakuna kujaza wala kubana, na huliwa kabla ya kitu kingine chochote mezani.

Miraba ya nyanya na achari ya embe. Kata miraba, chora kwa ncha ya kisu mpaka wa ndani bila kukata hadi chini, toboatoboa katikati kwa uma ili pasiinuke. Paka achari kidogo iliyochujwa mafuta, weka kipande cha nyanya kilichotiwa chumvi na kuachwa dakika 15 kitoe maji, kisha jibini. Achari ya embe chini ya jibini ni jambo ambalo vitabu vya kigeni havilijui, na hasara ni yao.

Soseji. Ziive kwanza, zipoe, zizungushie ukanda wa pafu, kata vipande vya mdomo mmoja, oka. Watoto watavimaliza.

Kamba au samaki vinafaa?

Vinafaa mno, na kwa meza ya pwani ndivyo ningevianza. Robo kilo ya kamba wadogo waliomenywa, wakate vipande. Kaanga thomu, tia kamba, tui zito vijiko vinne, pilipili, manjano kidogo. Acha tui likauke mpaka litoe mafuta yake na kubaki limewashika kamba. Ndimu mwisho. Wakipoa ni kitu kizito unachoweza kukichota kwa kijiko bila kudondoka.

Jodari wa kopo mchuje vizuri, mchanganye na viazi vilivyopondwa, dania, pilipili na ndimu, yaani kile kile cha ndani ya katlesi ya samaki. Viazi hunyonya maji yaliyobaki. Uliza mapema kama kuna mgeni anayedhurika na kamba. Ndani ya pafu haonekani.

Na kitu kitamu kwa Idi?

Tende. Toa kokwa gramu 200, ziponde na iliki, mdalasini na korosho zilizopondwapondwa. Zikiwa kavu, zilainishe kwa kijiko cha maji ya moto, ziache zipoe. Zitandaze kwenye shiti kwa wembamba, viringa, tia kwenye friza dakika 20, kata vipande vya sentimita moja, nyunyiza ufuta. Hapa shusha moto hadi nyuzi 190, kwa sababu sukari ya tende huungua kabla pafu haijaiva. Usiongeze sukari nyingine. Na kahawa tungu haihitaji maelezo.

Nina wageni wasiokula nyama wala mayai, kama jirani zetu wakati wa Diwali.

Pafu nyingi za mafuta ya mboga hazina yai ndani, lakini soma. Badala ya yai, paka maziwa, au tui zito kwa asiyekunywa maziwa. Rangi inakuwa hafifu kidogo ila haidhuru. Jaza viazi na njegere zilizokolea ukwaju na bizari, au paneer, ile jibini ya Kihindi, iliyovunjwavunjwa. Mgeni akiwa Mjaini, mfuasi wa dini ya Kihindi asiyekula vitu vya mizizi, ondoa viazi, vitunguu maji na thomu, ubaki na njegere, paneer, dania na pilipili. Jibini nyingine hutumia kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hivyo tafuta iliyoandikwa inafaa wasiokula nyama. Trei yao ioke kwanza, kabla ya ya kima.

## Kuandaa mapema na kuweka mezani

Nihesabu vingapi kwa kila mgeni?

Kama biriani inafuata, vinne hadi sita kwa mtu. Kama vitafunio ndiyo chakula chenyewe, kumi na zaidi. Aina tatu zatosha: moja ya nyama au samaki, moja ya jibini au mboga, moja tamu. Wanaotengeneza aina nane huishia kutokaa na wageni wao.

Naweza kuvitengeneza wiki moja kabla?

Ndiyo, na ndivyo inavyopaswa. Vitengeneze, usivioke. Vipange kwenye trei bila kugusana, vigande kwenye friza, kisha vitie kwenye mfuko. Vitakaa mwezi mmoja bila kupoteza kitu. Siku yenyewe usiviyeyushe: vitoe, paka yai, moja kwa moja kwenye oveni yenye moto, ongeza dakika tano. Vya kugandishwa mara nyingi huchanua kuliko vilivyotengenezwa siku ile ile, kwa sababu huingia motoni vikiwa baridi kabisa.

Miraba ya nyanya usiigandishe, itatoa maji.

Lakini pafu ilikuwa imeshayeyushwa mara moja. Kuigandisha tena si hatari?

Ikiwa iliyeyuka kwenye friji na ikabaki baridi muda wote ulioifanyia kazi, hakuna hatari. Ubora unapungua kidogo tu. Hatari iko kwenye kima au kamba waliokaa nje. Vilivyojazwa virudi kwenye baridi kila unapomaliza trei moja, usisubiri umalize zote.

Ramadhani, niviweke kwenye oveni saa ngapi?

Dakika 25 kabla ya adhana ya magharibi kwa vilivyo kwenye friji, nusu saa kwa vya friza. Vitatoka wakati wa tende na maji, na vitakuwa vimepoa kidogo mkirudi kutoka kuswali. Usiviweke mezani vikiwa vinafuka. Mvuke wa ndani unaunguza ulimi wa mfungaji mwenye njaa.

Vikae mezani muda gani?

Vya nyama, samaki, kamba au jibini, visizidi saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja. Barazani mchana wa kaskazi hiyo ni hali ya kawaida, kwa hivyo toa kidogo kidogo, trei baada ya trei. Usivifunike kwa foili vikiwa vya moto, vinatota. Kawa la ukindu linazuia nzi na linaacha mvuke utoke.

Chatini ya nazi na ya ukwaju ziwe bakulini pembeni. Ukizimwaga juu, kazi yote ya tabaka imepotea.

Vilivyobaki navipashaje moto?

Oveni, nyuzi 180, dakika 5 hadi 8, vya nyama vipate moto hadi ndani. Kikaangio cha hewa moto dakika 3 au 4. Maikrowevu inavilegeza kama kitambaa.

## Ya pembeni

Vipande vinavyobaki baada ya kukata nivifanyeje?

Usivifinyange donge, ukivikanda tabaka zinavurugika. Vipange kimoja juu ya kingine, vibonyeze, vipumzishe kwenye friji, kisha sukuma. Havitaumuka kama mwanzo, ila kwa misokoto vinatosha kabisa. Au vinyunyize sukari na mdalasini, vioke vivyo hivyo vilivyo, na mpishi avile jikoni peke yake.

Pafu imepita tarehe lakini imekuwa kwenye friza muda wote.

Ikiwa haijawahi kuyeyuka, tarehe ya "bora kabla" inahusu ubora. Ya mafuta ya mboga hukaa vizuri kuliko ya siagi. Ifungue uinuse: mafuta yaliyochacha yana harufu ya karanga za zamani, na viungo haviifichi. Madoa ya kijivu juu yake, itupe.

Naenda Kilifi kwa wakwe. Nivibebe vimeokwa au vibichi?

Kama wakwe wana oveni, vibichi, vimegandishwa, ndani ya kijisanduku cha barafu, uvioke kule. Kama hawana, vioke asubuhi viive sana, viache vipoe kabisa juu ya wavu, kisha vipange kwenye boksi la karatasi, si plastiki, tena usilifunge kwa kubana. Kwa safari hiyo chagua misokoto na tende. Kima na kamba waache. Na boksi lipakate mwenyewe. Kwenye buti ya matatu litakutana na gunia la mtu.